Serikali imejificha wapi katika hadithi za kijijini za Herta Müller?

Swali limeletwa na msomaji wa Iringa anayesoma fasihi chuoni: "Mwalimu, shikamoo. Tumepewa hadithi fupi za Herta Müller kuhusu kijiji alikozaliwa Rumania. Mhadhiri anasema ni za kitawasifu, na kwamba zinahusu maisha chini ya ukomunisti. Nimezisoma mara mbili kwa tafsiri ya Kiingereza. Nimekuta bibi, vyura, ndama, maji ya kuoga na baba mlevi. Sijamwona polisi wala kiongozi wa chama. Ukomunisti uko wapi humu? Na je, ni maisha yake kweli, kiasi kwamba naweza kuzitumia katika insha yangu kama ushahidi wa yaliyotokea vijijini kule?"

Marahaba, dada. Kuna wasomaji waliouona ukomunisti ndani ya hadithi hizi kabla ya mhadhiri wako na kabla yangu: polisi wa siri wa Rumania, Securitate. Utawala wa kikomunisti wa Nicolae Ceaușescu ulianguka Desemba 1989, lakini Müller alisubiri miaka mingi sana mpaka alipoonyeshwa faili lake. Lilikuwa na majuzuu 3, kurasa 914, na ndani yake aliitwa kwa jina la siri "Cristina". Lilifunguliwa tarehe 8 Machi 1983. Sababu iliyoandikwa ni kwamba mwandishi amepotosha kwa makusudi hali halisi ya nchi, hasa hali ya vijijini, katika kitabu chake Niederungen. Ndicho hicho ulichokisoma wewe, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1999. Maofisa wale kazi yao ilikuwa kusoma kwa kumtafuta adui, na katika vyura, ndama na maji ya kuoga walimpata. Nitakuonyesha walichokiona.

Kwanza uwajue watu wa nyumba ile. Müller alizaliwa Agosti 1953 katika kijiji cha Nițchidorf, eneo la Banat, magharibi mwa Rumania. Wenyeji wake walikuwa Waswabia wa Banat, wazao wa wakulima Wajerumani waliopelekwa huko na dola ya Habsburg katika karne ya 18. Walikuwa na lugha yao, kanisa lao la Kikatoliki na majivuno yao. Müller hakukijua Kirumania sawasawa mpaka alipokwenda kusoma mjini Timișoara, akiwa na miaka kama 15. Babu yake alikuwa mkulima tajiri na mfanyabiashara, serikali mpya ikamnyang'anya mali yake. Baba yake alitumikia jeshi la Waffen-SS, la Wanazi wa Ujerumani, wakati wa vita, akarudi nyumbani, akawa dereva wa lori, na akawa mlevi. Mama yake alichukuliwa Januari 1945 pamoja na Wajerumani wengine wa Rumania, jumla yao kama 70,000, wakapelekwa Umoja wa Kisovieti kufanya kazi ya kulazimishwa. Alikaa kambini miaka 5.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa inaondoka mikononi mwa watu. Wajerumani wa Rumania walipokonywa mashamba tangu mageuzi ya ardhi ya 1945. Mwaka 1949 chama kilianza kuwaingiza wakulima wote, wa kila kabila, katika mashamba ya ushirika, na mwaka 1962 kikatangaza kwamba kazi imekamilika. Katikati ya hapo, Juni 1951, watu zaidi ya 40,000 waliokuwa wakiishi karibu na mpaka wa Yugoslavia walizolewa usiku na kutupwa katika nyika ya Bărăgan, upande wa mashariki. Müller alipofikisha miaka 9, katika nchi tambarare kama ya kwao mkulima mwenye shamba lake mwenyewe alikuwa amekwisha.

Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo. Babu ameporwa. Mama ametoka kambini. Baba alikuwa upande wa wauaji. Wote wanakula meza moja, na hakuna anayesimulia lolote. Kama ungekuwa wewe ndiye mtoto, ungeionea wapi serikali? Usingeiona kwa sura wala kwa sare. Ungeona namna mama anavyokupiga kwa sababu umelia, kisha anakupiga tena ili unyamaze. Ungemwona baba akiimba nyimbo za zamani akilewa. Hivyo ndivyo kitabu kilivyoandikwa: jicho halipandi juu kupita kimo cha mtoto. Mtoto hana neno "ukomunisti", kwa hiyo hadithi nayo haina.

Rudi kwa ndama. Yumo katika hadithi ndefu iliyokipa kitabu jina, na kwangu hakuna ukurasa unaojibu swali lako vizuri kuliko huo. Baba anataka kuchinja ndama wake. Haruhusiwi. Ndama amezaliwa katika zizi lake na amelishwa na mke wake, lakini siku ya kufa kwake inaamuliwa na sheria. Basi baba anamvunja mguu kwa shoka. Daktari wa mifugo anaitwa, anakirimiwa, na karatasi inaandikwa kwamba mnyama amepata ajali, hafai tena kufugwa. Nyama inapatikana kihalali. Mtoto ameona kila kitu, kuanzia shoka mpaka saini.

Hakuna mtu wa chama katika tukio hilo, umesema kweli. Lakini angalia serikali ilikofika. Imeingia zizini, imekaa kati ya mkulima na mnyama wake, na imefika mpaka kwenye kiganja kilichoshika shoka. Mkulima aliyekuwa anajivunia mifugo yake sasa anaitesa ili aruhusiwe kuila. Mtaalamu aliyesomea kutibu wanyama anaishi kwa kuandika vyeti vya uongo, na pengine hana kinyongo chochote, kwa kuwa kila mtu anafanya hivyo. Mtoto anajifunza kwamba karatasi yenye muhuri ni uongo ambao watu wazima wamekubaliana. Anajifunza pia kumwogopa baba yake. Hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi kila ninapofundisha hadithi hii, maana mtoto hana namna ya kujua kwamba nyuma ya shoka la baba kuna amri. Chuki yake inaishia kwa baba. Sheria iliyosababisha yote hayo inabaki safi, haijaguswa.

Ndiyo maana nakwambia usitafute polisi katika hadithi hizi. Tafuta kibali. Kila unapokutana na jambo la kawaida la nyumbani ambalo mtu anashindwa kulifanya bila ruhusa, bila hongo au bila uongo, simama hapo. Serikali iko hapo. Vilevile tafuta mtu asiyekuwepo, na sababu ambayo hakuna anayeitaja.

Nahisi unapata tabu kwa sababu sisi tumelelewa na hadithi za namna nyingine. Chukua Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1979: vijiji vya ujamaa vinaanzishwa, wanakijiji wanakataa kuhama, na wewe msomaji unawaona viongozi na wananchi wakikabiliana waziwazi. Siasa ina mikutano, hotuba na majina ya watu. Tanzania ya miaka ile haikuwa Rumania, na mwandishi wetu aliweza kuuchapisha ubishi huo hapahapa nchini. Müller aliandika mahali ambapo ubishi wa wazi haukuwa na pa kutokea, kwa hiyo ulizama chini, ukatokea kwenye sahani, kwenye kitanda na kwenye beseni la kuogea.

Hilo la beseni tulitazame. "Kuoga kwa Waswabia" ni hadithi ya kurasa chache mno. Ni Jumamosi jioni. Anaogeshwa kwanza mtoto wa miaka 2, kisha mama anaingia katika maji yaleyale, kisha baba, kisha bibi, kisha babu. Kila anayeingia anajisugua mpaka uchafu wa ngozi unajisokota vipande vya kijivu, na maji yanazidi kuwa meusi na ya baridi. Mwisho familia nzima, safi, inaketi mbele ya televisheni kusubiri filamu ya Jumamosi. Basi. Ilipochapishwa gazetini Banat mwaka 1981, Waswabia walighadhibika. Waliona wamevuliwa nguo mbele ya watu, tena na binti yao wenyewe.

Hasira yao inaeleweka ukijua walikuwa wamebakiwa na nini. Watu wale walikuwa wamenyang'anywa ardhi, wamepelekwa kambini, wamewekwa chini ya serikali isiyowapenda. Kitu kimoja tu walichojisifia kuwa bado nacho ni kwamba wao ni wasafi, wachapakazi na wenye utaratibu kuliko majirani zao. Anakuja msichana mmoja na kuonyesha kwamba usafi huo ni maji meusi ambayo kizazi kimoja kinakirithisha kingine. Nionavyo mimi, hadithi hiyo fupi ndiyo kali kuliko zote kitabuni, na inafanya kazi yake bila kupandisha sauti hata mara moja. Yote yanasemwa kwa mpangilio wa kuingia majini.

Hapo ndipo Müller anapotofautiana na waandishi wengi wa Ulaya Mashariki walioandika juu ya kijiji. Kwa wengi wao kijiji ni kizuri, serikali ndiyo iliyokuja kukiharibu. Yeye anakataa. Kijiji chake kilikuwa na udikteta wake kabla ya chama kufika. Kumbuka wale vyura uliokutana nao. Katika hadithi ile ndefu vyura wanalia usiku kucha, na msimulizi anasema kila mtu alipohamia katika nchi ile alikuja na chura wake. Baadaye, katika insha, Müller alieleza kwamba chura huyo wa Kijerumani alikuwa kwake jina la hisia ya kuchungwa: macho ya kijiji yanayojua nani amekwenda kanisani, nani amefagia ua wake, binti wa nani amechelewa kurudi. Huyo, alisema, ndiye dikteta wa kwanza aliyemfahamu. Polisi wa siri walipokuja kumfuatilia akiwa mtu mzima, hisia haikuwa ngeni kwake.

Soma pia "Hotuba ya maziko" ukiwa na jambo hilo akilini. Msimulizi yuko kwenye mazishi ya baba yake. Wanaume wa kijiji wanamweleza, mmoja baada ya mwingine, yale ambayo baba alifanya vitani: watu aliowaua, na mwanamke wa Kirusi aliyembaka shambani pamoja na wanajeshi wengine. Kisha kijiji kilekile kinamgeukia binti. Anatakiwa azungumze na hawezi, na kwa hilo anahukumiwa kifo kwa kuichafua jamii. Bunduki zinaelekezwa kwake. Halafu saa inalia, ni Jumamosi saa 11:30 alfajiri; ilikuwa ndoto. Aliyetenda anazikwa kwa heshima, asiyetenda anasimamishwa mbele ya bunduki. Ni wakati gani huo, wa Wanazi au wa wakomunisti? Hadithi haisemi, na naamini ilikataa kusema kwa makusudi. Namna ya kuhukumu ni ileile, na watu ni walewale, wamebadilisha tu bendera.

Utaona basi kwamba kitabu kilikuwa na maadui wa pande mbili, na hili uliweke kwenye insha yako kwa sababu ni nadra. Serikali ilikiona kinaitukana nchi. Waswabia, wa Banat na wale waliokwisha kuhamia Ujerumani Magharibi, walikiona kinawatukana wao, na baadhi wakadai mwandishi ni wakala wa serikali hiyohiyo iliyokuwa inamwandama.

Kilivyochapishwa nako kuna habari zake. Müller alikuwa mfasiri katika kiwanda cha mashine mjini Timișoara mwishoni mwa miaka ya 1970. Securitate walimtaka awapelekee habari za watu, akakataa, na tangu hapo akasumbuliwa mpaka akafukuzwa kazi. Baba yake alikuwa amefariki miaka hiyohiyo. Ni katika kipindi hicho alianza kuandika juu ya kijiji. Muswada ulikaa kwa mchapishaji karibu miaka 4. Ulipochapishwa Bukarest, mji mkuu, mwaka 1982, wadhibiti walikuwa wameukatakata. Mojawapo ya maneno yaliyofutwa ni "sanduku", lile la kusafiria. Neno la nyumbani kabisa, lakini Wajerumani wa Rumania walikuwa wanaondoka kwa maelfu, na tangu makubaliano ya 1978 kati ya Ceaușescu na Kansela Helmut Schmidt, Ujerumani Magharibi ilikuwa inalipa fedha kwa kila mtu aliyeachiwa. Biashara hiyo ilijulikana na wote na haikutakiwa kuandikwa. Mtu akitajwa na sanduku, msomaji anajua anakwenda wapi. Mwaka 1984 kitabu kikatoka Berlin Magharibi, bado kikiwa kimepunguzwa vipande kadhaa. Mwaka 2010, baada ya Müller kupata Tuzo ya Nobel ya 2009, ikatoka chapa aliyoipitia mwenyewe na kurudisha vilivyokosekana. Yeye mwenyewe alihama mwaka 1987, utayakuta hayo popote, sitaendelea nayo.

Swali lako la pili: ni maisha yake kweli? Jibu langu ni kwamba ni maisha yake, na si taarifa ya maisha yake. Müller hajawahi kukana kwamba kijiji ni kile alichozaliwa na baba ni yule aliyemzaa. Lakini hakuandika kumbukumbu. Alichukua hofu aliyoijua mwilini, akaitafutia picha, na picha nyingine hazikutokea kamwe. Mazishi yale ni ndoto. Hakuna chura aliyevuka Ulaya na mhamiaji. Babu anamwambia mtoto asile maua ya akasia kwa kuwa ndani yake kuna vijidudu vyeusi, na vikimwingia kooni atakuwa bubu. Haijalishi kama babu wa kweli aliwahi kusema hivyo. Nyumba ambayo watu wazima wote wamekuwa mabubu juu ya vita, kambi na mashamba yao, mtoto wake lazima aogope kitu kinachoziba koo.

Watu hudhani kwamba mwandishi akibuni, ukweli unapungua. Katika hadithi hizi naona kinyume chake, na sababu yake ni ya kihistoria, haihusu urembo wa fasihi. Chini ya utawala ule lugha ya ukweli ilikuwa imekwisha kutekwa. Takwimu za mavuno zilikuwa uongo, magazeti yalikuwa uongo, cheti cha ndama kilikuwa uongo. Mtu angeandika kwa mtindo wa ripoti angekuwa anaazima sauti ya ofisi. Müller analijua hilo vizuri hata akalifanyia hadithi: "Kumbukumbu za kijiji" imeandikwa kwa sauti kavu ya mtu wa halmashauri, jengo baada ya jengo, desturi baada ya desturi, na kadiri sauti inavyokuwa ya kiofisi ndivyo kijiji kinavyoonekana kinakufa. Baada ya kuisoma hiyo, ule mwendo wa kuotaota wa hadithi nyingine hautakusumbua tena.

Kwa insha yako, basi. Usizinukuu hadithi hizi kuthibitisha idadi ya waliohamishwa, tarehe za kuunganisha mashamba au kiasi cha mazao yaliyochukuliwa. Hayo yapo katika vitabu vya historia. Wala usizitumie kuelezea kila kijiji cha Rumania: hiki ni kijiji cha watu wachache wenye lugha yao na hatia yao ya vita, na mkulima wa Kirumania wa Moldavia, mashariki mwa nchi hiyo, angekuwa na hadithi tofauti kabisa. Zinukuu pale unapotaka kuonyesha utawala ulivyoishi ndani ya watu: namna uongo ulivyokuwa kazi ya nyumbani, namna ukimya ulivyopokezanwa kutoka kwa mzazi hadi mtoto, namna aliyeumizwa alivyomuumiza aliye chini yake. Anza na ndama, kwa sababu hapo sheria na jeraha vimo katika tukio moja na mwalimu yeyote ataona hoja yako. Kisha nenda kwenye beseni, umalizie na mazishi. Na kwa kuwa tafsiri yako ni ya 1999, andika mapema kabisa kwamba hujasoma chapa ya 2010, ili msomaji ajue ni kitabu kipi kati ya vile ambacho wadhibiti na wahariri walikuachia.